Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wenye maduka, Jinja, Uganda

Ndugu wanachama, asalaam aleikum na habari za mchana.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulikutana mara kumi, tuliwazika wenzetu wawili, pango la ofisi limelipwa hadi Desemba, na ununuzi wa pamoja wa sukari na chumvi unaendelea. Vitabu anavyo mweka hazina.

Linalosemwa sana, tena pembeni, ni safari ya Kalangala, wilaya ya visiwa vya Ziwa Viktoria. Ni kweli kamati ilitoa shilingi 2,320,000 za akiba kwa watu wanane. Ni kweli pia kwamba wazo lilikuwa langu na mimi ndiye niliyelisukuma. Lakini hatukwenda kustarehe ufukweni, tulikwenda kuona msitu uliofyekwa. Mimi nilikuwa wa tisa, na gharama yangu nilitoa mfukoni. Risiti zimo kwenye faili, aje azione anayetaka.

Mnauliza mwenye duka na msitu wapi na wapi. Tazameni rafu zenu: mafuta ya kupikia, miche ya sabuni, biskuti, majarini. Nyingi ya bidhaa hizo zina mawese, ingawa mara nyingi pakiti husema “mafuta ya mimea” tu. Zaidi ya nne kwa tano ya mawese ya dunia hutoka Indonesia na Malaysia, na huko misitu mikubwa ya mvua ilifyekwa ili kupanda michikichi. Tulidhani ni mambo ya mbali. Kumbe kisiwa cha Bugala, huko Kalangala tulikokwenda, hapa hapa Ziwa Viktoria, nacho kilipoteza msitu wa asili tangu michikichi ilipoanza kupandwa miaka ya 2000. Mpango ulikuwa hekta 6,500 za kampuni na 3,500 za wakulima wadogo. Tulipita njia ambayo huoni kitu ila michikichi, kulia na kushoto, mistari mitupu, wala ndege hatukuwasikia. Mzee mmoja akatuonyesha mahali alipokuwa akikata fito na kuchimba dawa. Nilinyamaza muda mrefu.

Mkulima mwingine alituambia karo ya wanawe inatoka kwenye chikichi, naye sikuweza kumbishia. Tena mchikichi hutoa mafuta mengi kwa hekta kuliko alizeti au soya, kwa hiyo kuukimbia si dawa. Ardhi zaidi ingehitajika. Ndiyo maana kamati haikumwambia mtu yeyote aache kuuza mafuta. Aliyeeneza maneno hayo amenikosea. Tulichoazimia ni kuwauliza wauzaji wa jumla mawese yao yanatoka wapi. Tuliwauliza watano, wakajibu wawili.

Wenzangu, msitu wa Mabira tunaupita kila tunapofuata mizigo Kampala. Mwaka 2007 serikali ilitaka kukipa kiwanda cha sukari hekta kama 7,100, karibu robo ya msitu ule. Watu waliandamana, wengine wakapoteza maisha, wateja wakahimizana kususia sukari ya kiwanda hicho, na mpango ukasimama. Mwaka ule sukari iliyokuwa kwenye rafu zetu ndiyo iliyokuwa ikibishaniwa. Na wenye kununua kahawa kwa wakulima wajue kwamba Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023 inayotaka kahawa, kakao, mawese na bidhaa nyingine kadhaa zisitoke katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020.

Sasa mahudhurio. Safari ilipitishwa kikao cha Machi, walikuwapo wanachama 17 kati ya 63. Wanaolalamika zaidi sikuwaona siku hiyo, na inaniuma, maana taarifa nilizipeleka mwenyewe duka kwa duka. Ada ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 22. Wasiolipa 41, deni 2,460,000, yaani linazidi fedha zote tulizotumia Kalangala. Msiba ukitokea kesho, tutachota wapi?

Mwakani tunatarajia kupanda miche kadhaa, na pengine kuwapeleka wanachama wengine Mabira, Mungu akijalia na mfuko ukiruhusu.

Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha risiti. Atakuwapo mpaka magharibi.