Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya bustani: Tuliomba masaa mawili tu

Mheshimiwa,

YAH: MASAA MAWILI YA UTULIVU KWA WATOTO WENYE USONJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sitataja jina lako wala ofisi yako. Ukifika aya ya tatu utajijua, na usipojijua basi tatizo ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Shikamoo. Huku Nkuhungu, Dodoma, ni upepo na vumbi kama kawaida ya msimu huu. Mtoto hajambo, ila tangu Jumamosi hajavuka geti.

Tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji (autism) Duniani, ulivaa fulana ya bluu ukapiga picha na watoto wetu. Mwanangu ni yule aliyeziba masikio, maana MC alikuwa hatua tano kutoka kwake na maiki mkononi. (Siku ya usonji, maspika mawili. Nilicheka peke yangu.) Ukasema mlango wako uko wazi kwa wazazi. Nikauamini. Mwezi Juni nikaleta barua ya kurasa mbili, ikagongwa muhuri: IMEPOKELEWA. Niliandika “masaa mawili” makusudi, sikuandika “saa mbili”, mtu asije akadhani naomba miadi. Jumamosi moja, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu, bustani iwe bila muziki. Jibu likaja kwa simu: “Hakuna shida mama, hilo limepita.”

Labda kwako kumpeleka mtoto bustanini ni kumvalisha viatu. Sisi familia sita tulijiandaa wiki mbili. Nilipiga picha bajaji, geti la bustani, bembea, chupa ya juisi ya ubuyu na mlango wa nyumba yetu. Nikazichapisha steshenari, zikapigwa laminesheni, nikazitoboa na kuzifunga kwa uzi. Kila usiku tunazipitia kwa mpangilio: bajaji, geti, bembea, juisi, nyumbani. Mwanangu ana miaka minane na maneno yake hayazidi ishirini, lakini akijua kinachofuata hutulia. Nilimwomba dereva wa bajaji asifungulie redio. Nilikata lebo ya shati, ile ya shingoni, kwa kuwa kwake inachoma kama upupu. Jumamosi mbili nilikwenda peke yangu kukaa kwenye benchi na kusikiliza tu: nani anafika saa ngapi, nini kinalia. Tukachagua asubuhi kwa sababu ikifika saa tano jua la Dodoma likipiga kwenye zile pevingi hata wewe unafumba macho.

Na watoto hawa hawafanani. Mwenzangu mmoja binti yake ni kinyume kabisa, anatafuta kuzunguka, kuruka na kugongana na vitu. Yeye tulimpangia upande wa kutelezea. Tulifikiria kila kitu, Mheshimiwa. Kasoro wewe.

Dakika ishirini na tano. Nilizihesabu. Dakika ishirini na tano mwanangu alibembea, kadi ya bembea mkononi, akicheka kile kicheko chake cha kukwama kooni. Mbali na sisi alikuwepo mfagizi tu.

Kisha likaingia Fuso kinyumenyume, pii-pii-pii. Wakashusha jenereta. Wakapanga maspika manne, mmoja akashika maiki: “Dodomaaa, mpooo?” Saa moja na nusu asubuhi. Anamuuliza mfagizi.

Wewe ukipita soko la Majengo, ubongo wako unachuja: unamsikia muuza nyanya, mengine yote yanarudi nyuma. Kwa mtoto wangu hayarudi nyuma. Jenereta, maiki, mnyororo wa bembea, harufu ya dizeli, vyote vinaingia pamoja na kwa nguvu ileile. Alianguka chini, akajiuma mkono, akapigiza kisogo kwenye pevingi mpaka nilipoweka paja langu katikati. Hakuwa anadeka, alizidiwa. Mlinzi akaja akasema, “Mama, mchape huyo, umemlea vibaya.” Vijana wawili wakatoa simu wakaanza kurekodi. Nilivua kanga nikatufunika wote wawili, tukakaa humo ndani arobaini na kitu dakika, singeli inapiga mpaka kwenye mbavu. Kadi ya bembea niliikuta baadaye imekunjika katikati, ina alama za meno.

Nani aliliruhusu lile Fuso sijaambiwa. Nahisi aliyenipigia simu siye anayekodisha eneo, na hao wawili hawaongei. Au barua yangu iko chini ya glasi ya chai ya mtu. Jirani yangu anasema wenye Fuso wanalipa na sisi hatukulipa, ndiyo hesabu yenyewe. Mimi sisemi hivyo. Nimemnukuu jirani tu.

Ila usiniambie Dodoma haiwezi kunyamaza. Msafara wa wakubwa ukipita tunasimamishwa barabarani, hata bodaboda wanazima pikipiki, kimya kinatanda unasikia bendera zikipepea. Kumbe utulivu upo, unatolewa kwa cheo. Mwanangu hana cheo, na kila Bunge la bajeti anaziba masikio ving'ora vipite.

Nimesoma pia, usidhani tunaomba hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 30 inataja michezo na burudani za watoto waziwazi. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kelele nazo zina kanuni zake tangu 2015. Uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, ulianza mwaka 2016 kutoa utepe wa shingoni, wa kijani wenye maua ya alizeti. Mwenye ulemavu usioonekana anauvaa akipenda, na mfanyakazi akiuona anajua ampe muda, asimkaripie. Alizeti, Mheshimiwa! Sisi tunaolima alizeti kuanzia hapa mpaka Singida, tukanunulie ua letu Uingereza?

Niliandika maombi saba kwenye barua ile. Kona yenye kivuli na uzio mfupi. Ubao wa picha pale getini unaoonyesha ndani kuna nini. Walinzi waelezwe usonji ni nini, kwamba si mapepo na si malezi. Tangazo la wiki moja kabla kama kutakuwa na muziki, ili tubaki nyumbani bila kuaibishwa. Mengine nimeshayasahau, nilivyochoka.

Basi acha yote. Futa kona, futa ubao. Nakuomba Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa moja hadi saa tatu asubuhi, jenereta lisiwashwe. Halihitaji bajeti. Halihitaji kamati. Ni mtu kutowasha kitu. Fuso lije saa tatu na dakika moja, sisi tutakuwa tumeshapanda bajaji.

Tangu Jumamosi, kila asubuhi mwanangu analeta zile kadi. Ananionyesha ya bembea, ile iliyokunjika. Halafu anaziba masikio. Halafu ananionyesha tena. Sijui nimjibu nini, na kadi ya kusema “mheshimiwa bado hajajibu” sina. Nitaichapishaje?

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao saa moja asubuhi nitakuwa getini. Jenereta lisiwashwe, Mheshimiwa. Hilo tu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa mtoto aliyeziba masikio kwenye picha yako

Nakala: Mlinzi wa geti, ambaye sina kinyongo naye. Hakuna aliyemwambia.