Mwezi Gani wa Kwenda Mbugani? Anza na Mnyama Unayetaka Kumwona

Swali ambalo wateja wetu hutuuliza kuliko yote, kwa simu na hapa ofisini Arusha, ni mwezi gani ulio mzuri wa kwenda mbugani. Wengi hutarajia jibu fupi, na jibu hilo limezoeleka: kiangazi, kuanzia Julai hadi Oktoba. Si jibu la uongo, lakini limewafanya watu wengi kulipia safari ya gharama kubwa na kufika mahali ambapo mnyama waliyemfuata amekwisha kuhama, kwa sababu hifadhi za Tanzania hazina msimu mmoja. Septemba, ambayo huwakusanya tembo kwa mamia kandokando ya Mto Tarangire, ndiyo hiyo hiyo inayoziacha nyanda za kusini mwa Serengeti karibu tupu. Na Februari, ambayo wengi huiogopa kwa sababu ya joto na mvua za hapa na pale, ndiyo inayozijaza nyanda hizo nyumbu mpaka upeo wa macho. Kwa hiyo kabla hatujamwandikia mteja bei yoyote, sisi humuuliza kwanza anataka kuona nini, kisha ana likizo lini, na kutokana na majibu hayo mawili ndipo tunapomtajia hifadhi.

Wanyama huhama kwa kufuata maji na majani. Kaskazini mwa nchi na ukanda wa pwani tuna mvua za vuli, ambazo kwa kawaida hunyesha Novemba na Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kusini na magharibi, zilipo hifadhi za Ruaha na Katavi, mvua ni za msimu mmoja unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kumalizikia Aprili au mwanzoni mwa Mei. Wakati wa mvua kila dimbwi lina maji, hivyo wanyama hawana haja ya kukaa karibu na mto. Hutawanyika, tena majani huwa marefu kiasi kwamba simba aliyelala hatua chache kutoka barabarani anaweza asionekane kabisa. Kiangazi kinapokaza, madimbwi hukauka na wanyama hurudi kwenye mito na chemchemi zinazobaki. Katika hifadhi nyingi, basi, miezi mikavu ndiyo yenye kuonyesha zaidi.

Tarangire ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Kuanzia Agosti hadi Oktoba mto hupungua, na sehemu zake nyingine hubaki mchanga mtupu. Hapo ndipo utamwona tembo jike akisimama katikati ya mto uliokauka, akipekua mchanga kwa miguu ya mbele, akiutoa kwa mkonga mpaka apate shimo, kisha akitulia kungoja maji yajichuje polepole kabla ya kuyavuta. Nyuma yake husubiri watoto wake, na nyuma yao ngiri na nyani, ambao hawana uwezo wa kuchimba shimo kama lile na hunywa kinachobaki baada ya tembo kuondoka. Mtu akikaa hapo kwa utulivu, gari likiwa limezimwa, ataona mengi kuliko akikimbizana na simba siku nzima. Mvua za vuli zikianza, sehemu kubwa ya nyumbu na pundamilia wa Tarangire, na tembo wengi pia, hutoka nje ya hifadhi kuelekea malisho ya Simanjiro na kwingineko. Anayefika Aprili atakuta mibuyu mizuri na ndege wengi, lakini pia majani marefu na mbung'o wasumbufu. (Nguo za rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi huwavuta mbung'o, tunawaomba wateja waziache nyumbani hata kama ndizo wanazozipenda.)

Ruaha hufuata utaratibu huo huo, tena kwa ukali zaidi, kwa kuwa tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukisimama kutiririka katika miezi ya ukame, na wanyama hukusanyika kwenye mabwawa yanayosalia. Katavi, kwa wale walio tayari kusafiri mbali, hufikia kilele chake Septemba na Oktoba, ambapo viboko kwa mamia hubanana ndani ya tope la Mto Katuma. Hifadhi ya Nyerere nayo ni ya miezi mikavu, kuanzia Juni. Kambi nyingi za huko hufungwa wakati wa masika kwa sababu barabara hazipitiki.

Serengeti ndiyo inayovuruga hesabu. Nyumbu wake, ambao ni zaidi ya milioni moja, pamoja na pundamilia na swala wanaofuatana nao, huzunguka mwaka mzima, na mahali walipo ni jambo la mwezi na la mvua. Kati ya Desemba na Machi huwa kusini, kwenye nyanda za majani mafupi zinazozunguka Ndutu, eneo linalogawanywa kati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Hifadhi ya Ngorongoro. Udongo wa huko umetokana na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, na majani yake yana madini ya kalisi na fosforasi ambayo jike mwenye mimba na anayenyonyesha huyahitaji sana. Hata hivyo, nyanda hizo hazina mto wa kudumu, hivyo mvua ikikatika hakuna kinachowabakiza.

Kwa maoni yetu, mwezi wa Februari huko Ndutu ndio safari bora kuliko zote zinazopatikana kaskazini, na tunasikitika kwamba Watanzania wachache wanaujua. Majike wengi wa nyumbu huzaa katika wiki chache zile zile, na kuzaa kwa pamoja kunawaokoa watoto wengi, kwa sababu simba na fisi hushiba kabla hawajaweza kuwamaliza. Ndama huanguka ardhini akiwa na manyoya ya rangi ya mchanga, tofauti kabisa na mama yake. Hujaribu kusimama, magoti yanamkataa, hujaribu tena, na ndani ya dakika chache anakuwa amesimama na kumfuata mama. Kwa kuwa majani ni mafupi na miti ni michache, duma anayewinda huonekana kutoka mbali, na mteja hupata kuyatazama mawindo yote tangu mwanzo hadi mwisho.

Masika yanapoisha, msafara wa nyumbu huelekea kaskazini-magharibi, ukipita maeneo ya Mto Grumeti kati ya Mei na Juni au mwanzoni mwa Julai, na kuanzia Julai hadi Oktoba unakuwa katika eneo la Kogatende, kwenye Mto Mara, na ng'ambo ya mpaka katika Maasai Mara nchini Kenya. Wengi hutaka kuona nyumbu wakivuka mto, na hapo hatuna budi kusema ukweli: hakuna kampuni inayoweza kukuahidi kuvuka kwa siku fulani. Kundi linaweza kukusanyika ukingoni tangu asubuhi, likasimama saa nyingi, kisha likageuka na kurudi malishoni bila kuvuka. Na siku ya pili likavuka mara mbili, kwenda na kurudi. Anayetaka kuliona tukio hilo tunamshauri alale angalau usiku tatu karibu na mto badala ya kutoka Seronera, katikati ya Serengeti, alfajiri na kurudi jioni, kwani mwendo ni mrefu na saa nyingi huishia barabarani. Mvua nazo huongeza shaka: vuli ikitangulia, kundi huweza kuanza kushuka kusini mapema, ikichelewa, hubaki kaskazini. Ndiyo maana sisi hupanga kambi kwa kuangalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na taarifa za madereva walioko porini, wala hatutumii ramani ya kalenda peke yake.

Seronera yenyewe haitegemei msafara huo. Simba na chui wa huko wana maeneo yao na hukaa mwaka mzima, kwa hiyo mtu mwenye siku chache asione kwamba amekosa kila kitu kwa sababu nyumbu wako mbali.

Kreta ya Ngorongoro ndiyo salama zaidi kwa mtu asiyeweza kuchagua mwezi. Sakafu yake ina takriban kilomita za mraba 260, ina chemchemi, mabwawa na msitu, na wanyama wake wengi hawalazimiki kuhama; faru weusi, tembo dume wenye pembe ndefu, nyati na simba hupatikana humo kiangazi na masika. Jambo la kuzingatia ni baridi. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni hadi Agosti nyuzijoto hushuka chini ya 10, hivyo wazee na watoto wanahitaji makoti mazito hata kama wametoka Dar es Salaam wakivuja jasho.

Kuhusu Aprili na Mei, hatuwakatazi wateja, lakini tunawaeleza wanachonunua. Bei za loji hushuka, magari ni machache, na wageni kutoka nje ya Afrika Mashariki hutozwa na TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) kiingilio kilicho chini kidogo kati ya katikati ya Machi na katikati ya Mei. Kwa upande mwingine, udongo mweusi wa mfinyanzi ukishalowa hunasa hata gari lenye nguvu, na siku nzima inaweza kupotea kwa kusubiri kuvutwa. Mwenye bajeti ndogo na subira tunampeleka Ngorongoro na Seronera mwishoni mwa Mei, mvua zikiwa zinaisha, majani yangali mabichi na vumbi halijaanza.

Familia nyingi za Kitanzania hazina uhuru wa kuchagua, kwa kuwa shule hufungwa Juni na Desemba. Kwa Juni, Tarangire imeanza kupata wanyama wake, na kwa wakazi wa Dar es Salaam na Morogoro, Mikumi ni chaguo zuri mno: barabara kuu ya Morogoro–Iringa inapita ndani yake, na tangu treni ya SGR (reli ya kisasa) ianze mwaka 2024 familia inaweza kufika Morogoro kwa treni na kuendelea kwa gari. Uwanda wa Mkata, ambao ndio moyo wa Mikumi, huwa mkavu wakati huo. Wakati wa mvua kubwa hujaa maji na njia zake nyingi hufungwa. Kwa Desemba, pamoja na ndugu zetu wanaorudi kutoka Ulaya na Marekani kwa Krismasi, tunawaomba wasiing'ang'anie Tarangire kwa sababu tu iko karibu na Arusha. Wapande hadi Ngorongoro na kushuka Ndutu, ambako nyumbu huwa wameanza kufika, na anayependa ndege atakuta pia wale wanaohamia kutoka Ulaya na Asia, korongo weupe wakiwemo, ambao hukaa nasi hadi Aprili.

Nafasi za Kogatende kwa Julai hadi Septemba, na za Ndutu kwa wiki ya Krismasi na kwa Februari, hujaa mapema kuliko nyingine zote, hivyo ni vyema kutuandikia miezi sita au zaidi kabla. Ukituandikia, tutajie tarehe za likizo na kama unaweza kuzisogeza, umri wa watoto na wazee mnaosafiri nao, uraia wa kila msafiri, kwa kuwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini sana kwa shilingi, na mnyama au tukio moja ambalo ukilikosa utajiona hukusafiri. Kutokana na hayo tutakupangia hifadhi, na pale tutakapoona kwamba mwezi wako haukupi kile unachokitafuta, tutakueleza kabla hujalipa malipo ya awali.