Mnaona kiti cha bunge, hamuoni ile miaka 12 ya kaunti

Mhariri,

Mi naishi hapa Madison, Wisconsin, miaka mingi sasa, na kila uchaguzi wa rais ukikaribia simu yangu hailali, Wakenya, Wakongo, Watanzania, kila mtu anauliza tunampigia nani. Ikifika Aprili, uchaguzi wa bodi ya kaunti, kimya. Hakuna hata mmoja anapiga simu. Hiyo ndo imenifanya niandike.

Wengi wetu tunamjua Shelia Stubbs kama mtu mweusi wa kwanza kuwakilisha Dane County, kaunti yetu hii ya Madison, kwenye bunge la jimbo, na wengi tulimjua kwa ile stori ya polisi. Agosti 2018, wiki moja hivi kabla ya kura ya mchujo, alikuwa anapiga hodi nyumba kwa nyumba akiomba kura, mamake wa miaka 71 na bintiye wa miaka 8 wamekaa kwa gari wanamsubiri, mtu akapiga simu polisi kwamba hilo gari linaonekana kama la watu wanaongoja kununua dawa za kulevya. Afisa akaja, Stubbs ikabidi ajieleze katikati ya barabara, mtoto anaangalia. Iliniuma sana, na bado inaniuma, maana mimi pia nina binti.

Lakini kuna kitu hiyo stori inafunika. Stubbs siku hiyo hakuwa mgeni wa siasa. Alikuwa kwenye bodi ya kaunti tangu 2006. Miaka 12! Wiki iliyofuata akawashinda wenzake watatu kwenye mchujo wa Democrat, Novemba hakukuwa na Republican wa kushindana naye, Januari 2019 akaapishwa. Jengo la kaunti na Capitol, yaani jengo la bunge la jimbo, kwa mguu ni dakika chache tu, ukitoka mlangoni unaliona lile kuba jeupe, na yeye ilimchukua miaka 12 kuzitembea hizo dakika chache.

Na si yeye peke yake. Terese Berceau aliyemwachia njia alipostaafu, naye alitokea bodi hiyo hiyo. Mark Pocan aliingia bodi 1991, baadaye bunge la jimbo, leo yuko Congress, bunge la taifa kule Washington. Tammy Baldwin aliingia bodi 1986 akiwa na miaka 24, bado anasoma sheria, akaenda bunge la jimbo, akaenda Congress, na tangu 2013 ni seneta Washington. Melissa Agard alipita hapo hapo, akawa mbunge, akawa seneta wa jimbo, halafu 2024 akarudi kuongoza kaunti yenyewe. Sasa niambieni, ngazi iko wapi kama si hapo?

Watu wananiambia aah, bodi ya kaunti ni vitu vidogo. Si vidogo. Jela ni ya kaunti. Sherifu bajeti yake inapitia hapo. Huduma za wazee, za watoto, za wagonjwa wa akili, uwanja wa ndege, hata ile bustani ya wanyama, Vilas Zoo, tunakopeleka watoto bure, yote ni kaunti. Kwa Wakenya, mfikirie mjumbe wa bodi kama MCA, mwakilishi wa wadi, yule unayemfuata barabara ikiharibika. Wajumbe wa bodi wako 37, kwa hiyo kila mmoja anawakilisha watu kama 15,000 tu, mtaa ambao mtu anaweza kuutembea wote kwa miguu akiamua. Na hamna haja ya kuwa na chama, kwenye karatasi ya kura chama hakiandikwi.

Mwenye green card najua huwezi kupiga kura, usijaribu kabisa, utajiharibia. Lakini mikutano ya bodi iko wazi, unaweza kwenda ukajiandikisha ukaongea. Niliwahi kwenda, wakanisikiliza, Kiingereza changu na lafudhi yangu yote. Lakini nyie mlioapa uraia, mkapiga picha na kabendera mkatutumia sote, nyie mnanishangaza. Uchaguzi wa bodi ni Jumanne ya kwanza ya Aprili, kila miaka miwili, ile miaka ya 2026, 2028, na mwezi huo ni watu wachache wanaojitokeza, kwa hiyo familia kumi za kanisa letu zikienda zinaonekana.

Kuna dada mmoja wa kwetu, nesi, anafanya kazi zamu ya usiku, ameniambia anafikiria kugombea lakini anaogopa watu watamcheka. Kukusanya sahihi za kugombea kunaanza tarehe 1 Desemba na fomu zinarudishwa mapema Januari, yaani katikati ya theluji. Nimemwambia gari langu lina heater nzuri, nitamwendesha, na kila mlango atakaogonga nitasimama naye pale pale mlangoni, asisimame peke yake.

Msomaji wenu,
Madison, Wisconsin