Barua ya wazi kwa msimamizi wa viwango vya maji ya bahari: kipimo cha shaba peke yake hakitoshi

Mheshimiwa,

Nakuandikia kuhusu safu moja ya fomu ya sampuli, ile inayotaka kiasi cha metali za shaba, kadimi na zinki katika kila lita ya maji, kisha kiasi hicho kilinganishwe na kikomo kimoja kwa maji ya kila mahali. Tarakimu inayojazwa hapo inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isitueleze kama mwani utadhurika.

Shaba inayouumiza mwani zaidi ni ile iliyo katika ayoni huru, yaani chembe zenye chaji zisizoshikwa na kitu kingine. Katika maji ya bahari, mara nyingi zaidi ya asilimia 99 ya shaba iliyoyeyuka huwa imeshikwa na kaboni ogani, yaani mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka majini. Tia shaba kiasi kilekile katika vyombo viwili, kimoja kikiwa na maji ya mlango wa mto yenye rangi ya chai kwa wingi wa kaboni hiyo, kingine maji maangavu ya bahari kuu, kisha uweke spora za mwani (chembe zake za uzazi) juu ya vipande vya kioo. Chini ya hadubini, si ajabu kuzikuta za chombo cha kwanza zimeshika kioo na kuchomoza vijizizi, ilhali za chombo cha pili zimebaki viduara vilivyofifia. Fomu yetu itaandika kwamba maji hayo yana shaba sawa.

Kadimi ina tabia yake. Hiyo hushikwa zaidi na kloridi iliyomo katika chumvi, kwa hiyo maji ya mto yakishusha chumvi ya bahari, sehemu ya kadimi iliyo huru huongezeka hata kama jumla yake haijapanda. (Maji tunayodhani yanaisafisha ghuba ndiyo yanayoifungua sumu.)

Kuhusu pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, naomba usipokee jibu la haraka kutoka kwa yeyote. Ikishuka chini ya 8.1 iliyozoeleka, kabonati, ambayo nayo huishika shaba, hupungua na shaba huru huongezeka. Lakini ayoni za hidrojeni nazo huongezeka na kugombea na shaba nafasi zilezile kwenye uso wa seli. Lipi litashinda hutegemea metali yenyewe na aina ya mwani.

Sisi wa maabara nasi tuna lawama. Maji mengi ya kukuzia mwani hutiwa EDTA, kemikali inayoshika metali, ili chuma kisigande, na EDTA hiyohiyo huikamata shaba, hivyo jaribio likifanywa humo mwani huonekana sugu kuliko ulivyo. Kikomo kilichotokana na jaribio la namna hiyo hakifai kutiwa saini.

Marekani, katika vigezo vyake vya shaba kwa maji baridi vya mwaka 2007, ilikubali hesabu inayojumuisha pH, kaboni ogani na ayoni zinazoshindana na metali. Naomba ofisi yako iagize kila kipimo cha metali kiambatane na chumvi, pH, joto na kaboni ogani iliyoyeyuka, na majaribio yafanywe kwa spora na miche michanga, kwa kuwa mwani uliokomaa huweza kuvumilia kiasi kinachoangamiza kizazi chake. Vipimo vitatu vya kwanza huchukuliwa palepale ufukweni. Cha nne kinahitaji sampuli ichujwe mapema na ihifadhiwe katika chupa safi ya kioo.

Wako mtiifu,
Mpimaji wa maabara ya mwani