Jiometri ya wanaosomea nyumbani: kabla hamjanunua

Habari za jioni, wazazi wenzangu. Wengi mmeniuliza kozi gani ya jiometri imfae kijana wa miaka 14 au 15. Kwanza amueni mtihani. Mitaala mingi ya Marekani huitenga jiometri, mwaka mzima ni yenyewe tu. IGCSE ya Cambridge, mtihani wa kimataifa wa sekondari, huichanganya na aljebra na takwimu ndani ya Hisabati, na tangu 2025 karatasi moja hufanywa bila kikokotoo.

Binti yangu nilimnunulia kozi ya video, ghali kwelikweli. Majibu alipata yote, ila nilipomwuliza kwa nini pembe za pembetatu hujumlika kuwa nyuzi 180, akanyamaza. Tukakata pembetatu ya karatasi, akazichana pembe tatu, akazipanga kwenye ukingo wa rula: mstari mnyoofu! Kisha tukachora mstari sambamba na kitako, akathibitisha mwenyewe. Basi ombeni sura moja ya kuonja mtazame: je, mtoto anatakiwa kuandika sababu ya kila hatua? Kama hatakiwi, achaneni nayo.

Bikari isiyolegea ni lazima. GeoGebra, programu ya kuchorea maumbo kwenye kompyuta, ni bure.

Jumamosi saa nne asubuhi leteni vitabu mlivyo navyo, tuvikague pamoja.