Ndugu mhariri, mmeruka mstari kwenye shairi la Balaclava

Ndugu mhariri,

Wiki iliyopita kuna makala mliitoa, mwandishi anawaambia vijana walioajiriwa waache maswali mengi, bosi akisema fanya, fanya, na ili akazie akaleta lile shairi la Tennyson, mshairi wa Uingereza, la askari wa farasi kule Balaclava, mji wa rasi ya Crimea kwenye Bahari Nyeusi, pale panaposema kazi yao si kuuliza bali kutenda na kufa. Sawa, ila mistari miwili tu kabla ya hapo Tennyson kasema kuna mtu kaboronga na askari wanajua kabisa! Hiyo kaiacha.

Kisa ni cha tarehe 25 Oktoba 1854, vita vya Crimea, Waingereza, Wafaransa na Waturuki wanapigana na Warusi. Lord Raglan, mkuu wa jeshi la Waingereza, yuko juu kilimani anaona Warusi wanataka kubeba mizinga waliyoiteka kwa Waturuki asubuhi ile, akatuma kikaratasi wapanda farasi wakawazuie, ila kikaratasi hakisemi mizinga ipi. Lord Lucan, mkuu wa wapanda farasi, yeye yuko chini bondeni, haoni anachokiona mkubwa wake, akamuuliza Kapteni Nolan aliyekileta, mizinga gani? Nolan kwa hasira akanyoosha mkono tu, adui wako yule pale. Lucan akaelewa ni ile ya mwisho wa bonde, mizinga ya Warusi wenyewe, na pembeni huku na huku kuna mingine. Lord Cardigan, aliyewaongoza hao waliotakiwa kwenda, shemeji yake ambaye walikuwa hawapatani hata kidogo, akamwambia jamani mbele mizinga, kulia mizinga, kushoto mizinga, akajibiwa ndo amri hiyo.

Kwa hiyo watu waliuliza bwana, tena wakubwa, shida hakuna aliyewapa jibu la maana. Wakaingia bondeni kama 670, wakafa takriban 110, majeruhi wengi kuliko hao, farasi ndo usiseme. Nolan mwenyewe alikuwa wa mwanzo mwanzo kufa, hivyo hata wa kumuuliza alimaanisha nini hakuwepo tena, na wale malodi wakabaki kutupiana lawama.

Tennyson hakuwepo vitani, alisoma gazetini huko kwao, na shairi likatoka tarehe 9 Desemba mwaka huohuo. Mwaka 1855 alipoliweka kwenye kitabu akautoa ule mstari wa kuboronga, alafu zilipochapwa nakala za kuwapelekea askari kulekule Crimea akaurudisha. Mimi hapo ndo namheshimu, maana waliokuwa wanaenda kulisoma ndo hao hao waliolipa gharama ya lile kosa.

Na mwandishi wenu angesoma pia shairi la Kipling, Mwingereza mwingine, la 1890, kuhusu wale wachache waliobaki hai, wazee, mafukara, wakati watoto mashuleni wanakariri ushujaa wao.

Ukurasa wa mashairi mnao, chapeni basi hilo la Tennyson lote kwa Kiswahili, na kama mtafsiri hamna semeni, wapo walimu wastaafu wengi tu wataifanya hata bure.

Msomaji wenu, Morogoro