Kabla ya kuuliza bei ya mikro, tuambie nani atasema

Wateja wengi wa hapa Lubumbashi wanaotupigia simu kukodi sono (vyombo vya sauti) huanza na swali lilelile: "Muko na mikro ngapi za bila waya?" Nasi tunarudisha maswali. Nani atasema? Atasimama au atakaa? Sauti yake ni kubwa au ndogo? Amezoea kushika mikro? Wengine huona tunachelewa kutaja bei, lakini bei ya kazi nzuri inatokana na majibu hayo. Sherehe nyingi ambazo wageni wa nyuma wanaondoka bila kusikia hotuba hazikukosa bafle (spika) kubwa. Zilikosa mikro inayomfaa msemaji.

Kinachoamua kuliko vyote ni umbali kati ya mdomo na mikro. Kila umbali huo unapoongezeka mara mbili, sauti inayofika kwenye mikro hupungua kwa desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Mtu aliyeshika mikro sentimita 5 kutoka mdomoni, akiishusha mpaka sentimita 20, amepoteza desibeli 12. Fundi hana njia ila kupandisha kwenye mikseri, na akipandisha, vinapanda pia feni, watoto, jenereta iliyo nyuma ya ukuta, na zaidi ya yote sauti ya bafle zenyewe. Sauti hiyo ikiingia tena kwenye mikro, ikatoka, ikarudi, ndipo larseni, ule mlio mkali, inapopiga na ukumbi mzima unaziba masikio. Watu humgeukia fundi kwamba amefungua sana. Mara nyingi, ukitazama, mikro iko kifuani.

Kwa mtu anayejua kazi yake, kama mwongoza sherehe, mchungaji au mwimbaji, tunatoa mikro ya mkono aina ya dainamiki, tena iwe ile inayosikiliza mbele na kuziba nyuma. Inayojulikana kuliko zote ni SM58 ya kampuni ya Shure ya Marekani, ambayo imekuwa sokoni tangu 1966. Haina haja ya umeme wake, inavumilia vumbi na kupita mikono mingi. Ukitaka kununua ya kanisa lako, angalia vizuri, kwa sababu nakala bandia ni nyingi. Ya kweli ina uzito wa karibu gramu 300, nayo utaisikia mkononi. Halafu shika mpini, usifunike kichwa cha wavu kwa vidole. Mikro hii inaziba sauti za nyuma kwa sababu ya matundu yaliyo nyuma ya kiini chake. Ukiyafunika kwa mkono inaanza kusikia pande zote, na larseni inakuja papo hapo.

Wanaotushughulisha zaidi ni wazee. Kwenye mahari, mzee wa familia ndiye mwenye neno zito kuliko wote, na huyo ndiye asiyetaka kuweka kitu mbele ya mdomo wake. Anaishika mikro kama fimbo, anaongea polepole, anageuka kwa upande wa wakwe, na maneno yanabaki kwenye meza ya mbele. Kumrudia mara tatu "papa, inua mikro" mbele ya wakwe ni kumvunjia heshima, na hatutaki kazi yetu ifanye hivyo. Tunaweka mikro kwenye stendi yenye mkono, tunaileta chini kidogo ya kidevu chake, ikitazama juu mdomoni, ili uso wake uonekane na mikono yake ibaki huru. Kama atasema akiwa amekaa, tunatumia stendi fupi ya mezani. Hata kwenye kilio tunafanya hivyo, maana mtu mwenye majonzi hawezi kufikiria umbali wa mikro.

Mikro-kravati, ile ndogo inayobanwa kwenye nguo, watu wanaipenda kwa sababu haionekani. Kwenye kurekodi video inafaa sana. Kwenye ukumbi wenye bafle, sisi huwa tunaikataa kwanza: inakaa mbali na mdomo, nyingi husikia pande zote, na mkufu wa mama au kitambaa kigumu cha pagne kikiisugua, kila mtu anasikia. Mtu anayetembea akifundisha, mikono yote ikiwa na kazi, tunampa mikro ya kichwani, ambayo inabaki karibu na mdomo hata akigeuza shingo.

Kwa mkutano au mjadala wa mezani, mikro za shingo ndefu zinatosha. Nyingi zinahitaji volti 48 kutoka kwenye mikseri, kwa hiyo kama unatumia mikseri yako ndogo, hakikisha ina kitufe cha kutoa volti hizo. Tena kuna jambo ambalo waandaaji hawaambiwi: kila idadi ya mikro zilizo wazi inapozidi mara mbili, unapoteza desibeli 3 za nafasi kabla ya larseni. Mikro 8 wazi kwa pamoja zinakula desibeli 9. Ndiyo maana fundi wetu hakai mbali na mikseri wakati wa mjadala. Anafungua ya anayesema na kushusha za wengine.

Tuje kwenye bila waya. Ni nzuri pale msemaji anapotembea au mikro inapozunguka kwa wageni wa kuuliza maswali. Zile zinazotumia gigaherzi 2.4 zinagawana njia na Wi-Fi na Bluetooth, na ukumbi uliojaa simu unaweza kuzisumbua. Za UHF (aina nyingine ya mawimbi ya redio) tunaziamini zaidi, lakini nazo zinagawana mawimbi na televisheni, hivyo tunafika mapema kutafuta njia iliyo safi, na tunaweka kipokezi mahali kinapoona jukwaa, maana miili ya watu inameza mawimbi. Betri tunaweka mpya. Kwa mtu anayesoma hotuba mahali pamoja, waya ndio ushauri wetu, na ni nafuu kwa mfuko wako.

Sherehe za nje, hasa mwezi wa nane upepo unapoinua vumbi jekundu, zinahitaji sifongo kwenye kila mikro. Inasaidia pia ndani: herufi za P na B zinatoa pumzi inayopiga mikro, na Kiswahili chetu kimejaa Baba, Bwana, papa na pamoja. Mwombe msemaji aisogeze mikro pembeni kidogo ya mdomo, isiwe katikati kabisa. Na tafadhali, usiipulize kuijaribu. Mate yanaingia ndani. Sema tu maneno utakayosema.

Ukituandikia kutaka bei, taja ukumbi au kiwanja, idadi ya wageni, na kila atakayesema pamoja na tabia yake mbele ya mikro. Kama kuna mzee mwenye sauti ndogo, tueleze siku ya kwanza. Tutaomba afike kabla ya wageni, akae kwenye kiti chake, tupime stendi kwa urefu wake, naye ajaribu kusema ukumbi ukiwa bado mtupu.